Kinanda cha Kale na Kinanda cha Kisasa: Kipi Kinatunza Santuri?

Wahenga walinena kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda. Na wengine wakanena kwamba ya kale ni dhahabu. Methali hizo mbili zimeishi pamoja katika lugha kwa muda mrefu bila ya kugombana. Lakini zikiingia katika nyumba yenye santuri, ugomvi huzuka papo hapo.

Msomaji na afikirie nyumba moja katika vilima vya Bugendana, kaskazini ya mji wa Gitega nchini Burundi, ambako migomba na mibuni huteremka hadi mabondeni. Mwenye nyumba ni askari mstaafu. Sebuleni mwake, chini ya picha aliyopigwa akiwa na sare, pana sanduku la mbao lenye kinanda cha santuri alichokinunua ujanani. Kando yake zimesimama santuri arobaini hivi: rumba za Kongo, dansi za Tanzania, taarabu za pwani, na moja yenye ngoma za Burundi. Mwanawe wa kwanza, ambaye ni polisi mjini Muyinga, amekuja likizo na zawadi mkononi: kinanda kipya, chepesi, chenye umbo la mkoba wa safari na spika zake ndani.

"Baba," asema kijana, "kipumzishe hicho cha zamani. Hiki ni kipya, ni chepesi, na hata simu huunganishwa nacho."

"Mwanangu," ajibu mzee, "upya si sifa ya silaha. Sifa ya silaha ni shabaha. Hiki changu kinanichezea muziki tangu kabla wewe hujazaliwa."

Mama wa nyumba, aliyekuwa akichambua maharage mlangoni, ainua uso. "Nyote wawili mwabishana juu ya mashine," asema. "Mimi nauliza juu ya santuri. Kati ya hivyo viwili, ni kipi kisichozila?"

Nyumba hiyo ni ya mfano tu, lakini swali la mama ni la kweli, na laulizwa popote ambapo santuri zimesalia. Limepata uzito zaidi tangu santuri ziliporudi madukani. Nchini Marekani, katika mwaka wa 2020, fedha zilizopatikana kwa mauzo ya santuri zilizidi zile za sidii kwa mara ya kwanza tangu mwaka wa 1986. Santuri ziliporudi, vinanda navyo vikarudi. Na wapenzi wa sauti safi wakagawanyika. Kuna wanaoapa kwamba vinanda vilivyotengenezwa kati ya miaka ya 1950 na 1970 havina mfano, na kuna wanaoshikilia kwamba ustadi wa leo umeviacha mbali. Kila upande una hoja, na hoja hizo zafaa kusikilizwa kabla ya kumjibu mama.

SANTURI HULIWAJE?

Santuri kubwa ya plastiki, ile izungukayo mara 33 na theluthi moja kwa dakika, ina mfuo mmoja tu kila upande. Mfuo huo huanzia ukingoni na kujizungusha kuelekea katikati, kama njia inayopanda mlima. Lau ungenyoshwa, mfuo wa upande wenye muziki wa dakika 22 ungefika karibu nusu kilomita. Na upana wake ni kama wa unywele. Kuta zake zimechongwa mawimbi ya sauti. Sindano hupita katikati ya kuta hizo ikitikiswa na kila wimbi. Kichwa, yaani kile kisehemu kidogo kilichoko mwisho wa mkono na kinachoishika sindano, hugeuza mtikiso kuwa umeme hafifu. Amplifaya huukuza umeme huo, na spika huutoa tena kuwa sauti.

Yafuata basi kwamba kila mara santuri inapochezwa, kitu kigumu hupita juu ya kitu laini. Katika vichwa vizuri vya leo sindano ya almasi hukandamiza mfuo kwa uzito wa gramu 1 na nusu au 2 hivi. Ni uzito mdogo, lakini hubebwa na ncha ndogo mno, na kwa hiyo mkandamizo wake ni mkubwa kuliko mtu adhaniavyo. Ncha iliyo safi na laini huteleza bila ya madhara makubwa. Ncha iliyochakaa huota kingo kali, ikawa patasi. Huchonga kuta za mfuo, na mawimbi madogo ndiyo huondoka kwanza: mlio wa matoazi, mguso wa nyuzi, na yale matamshi yanayoyafanya maneno ya mwimbaji yaeleweke. Bunduki iliyoota kutu husuguliwa kwa mafuta, na kiatu kilichopasuka hushonwa. Lakini mfuo uliochimbwa hauna fundi.

SAUTI ZILIZOMO

Hasara hiyo ingekuwa ndogo kama santuri zingekuwa mapambo tu. Lakini katika Afrika ya Mashariki santuri ni kumbukumbu. Mwaka wa 1928 Siti binti Saad wa Unguja alisafiri hadi Bombay, India, akarekodi nyimbo za Kiswahili katika santuri za wakati huo, zile nzito zilizozunguka mara 78 kwa dakika na kuvunjika kama sahani ya udongo. Katika Vita vya Pili vya Dunia, Fundi Konde wa pwani ya Kenya alikuwa miongoni mwa askari wa King's African Rifles waliowatumbuiza wenzao mbali na nyumbani. Baada ya vita akarekodi nyimbo zilizopendwa kotekote. Santuri ya plastiki izungukayo mara 33 na theluthi ilitolewa Marekani mwaka wa 1948, na ile ndogo ya mara 45 ikafuata mwaka wa 1949. Hiyo ndogo ndiyo iliyobeba rumba na dansi hadi vijijini. Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro, aliyefariki katika ajali ya gari huko Mombasa mwezi wa Januari 1979, aliwafikia wengi kwa njia hiyo.

Burundi nayo ina fungu lake. Mwaka wa 1967 Mfaransa Michel Vuylsteke alirekodi muziki wa asili wa nchi hiyo, na santuri ikatolewa mjini Paris na Ocora. Tarehe hiyo yastahili kukumbukwa. Ufalme wa Burundi ulikuwa umeondolewa mwezi wa Novemba 1966, na ngoma zilikuwa zimefungamana na mfalme tangu zamani. Kwa hiyo chombo cha kurekodi kilifika wakati desturi ilikuwa ikivuka kutoka zama moja kwenda nyingine. Mdundo uliorekodiwa ulizunguka dunia. Mwaka wa 1971 ulichanganywa na piano na gitaa huko Ufaransa ukauzwa kwa jina la "Burundi Black", na mwaka wa 1975 mwimbaji Joni Mitchell akautumia katika wimbo wake "The Jungle Line". Mwaka wa 2014 UNESCO iliiandika ngoma ya kifalme ya Burundi katika orodha ya urithi wa binadamu usioshikika. Huko Gishora, karibu na Gitega, ngoma hizo bado hupigwa, wapigaji wakiwa katika nusu duara kuizunguka ngoma ya katikati.

Kwa mpenzi wa santuri, muziki wa Burundi ni mtihani wenye pande mbili. Upande mmoja ni ngoma zenyewe, zilizochongwa katika gogo la mti uitwao umuvugangoma, zenye kishindo kinachotikisa kifua. Upande wa pili ni inanga, ala ya nyuzi iliyotandazwa juu ya ubao uliochimbwa, ambayo mpigaji wake huimba kwa kunong'ona, hata sauti yake na mlio wa nyuzi huwa kama kitu kimoja. Ngoma hudai kinanda chenye nguvu. Inanga hudai kinanda chenye ukimya. Na hapo ndipo wapenzi wa vya kale na wapenzi wa vya kisasa wanapoachana njia.

NGUVU ZA WAZEE

Kinanda kinachotajwa kwanza na wapenzi wa vya kale ni Garrard 301, kilichotoka Swindon, Uingereza, mwaka wa 1954. Mota yake kubwa husukuma gurudumu dogo la mpira, na gurudumu hilo husukuma ukingo wa ndani wa sahani nzito ambayo juu yake hulala santuri. Nguvu huenda moja kwa moja. Sauti kubwa inapotokea katika mfuo na sindano ikaelekea kuizuia santuri, mota hiyo haijali, kama vile lori la jeshi lisivyojali tuta dogo barabarani. Ndiyo sababu wapenzi wake husema kwamba ngoma zikipigwa katika kinanda hicho, kila pigo hufika kwa wakati wake na kwa uzito wake.

Mwaka wa 1957 Thorens wa Uswisi wakaleta TD 124, iliyounganisha mkanda wa mpira na gurudumu ili kupunguza mtikiso. Vinanda vya namna hii viliundwa kwa chuma cha kalibu na skrubu zinazofunguka. Fundi mwenye mafuta mepesi, mpira mpya na subira aweza kukirudishia uhai kinanda chenye umri wa miaka 60. Katika Soko la Kenyatta jijini Nairobi kuna kibanda kilichojulikana kwa miaka mingi miongoni mwa wapenzi wa santuri, ambako santuri kuukuu na vyombo vya kuzichezea hutafutwa na watu wa rika zote.

Lakini nguvu ina gharama yake. Gurudumu lile lile linalopeleka nguvu hupeleka pia mtikiso wa mota, na mtikiso huo husikika kama mngurumo wa chini, mfano wa lori linalopita barabara ya mbali. Ngoma huufunika. Inanga haiwezi. Mnong'ono wa mwimbaji ukikutana na mngurumo huo, humezwa.

UKIMYA WA VIJANA

Njia ya kuondoa mngurumo ilianza kutafutwa mapema. Mwaka wa 1961 Edgar Villchur wa Marekani, kwa jina la kampuni yake ya Acoustic Research, alitoa kinanda chenye mota ndogo iliyofungwa mbali na sahani, na mkanda mwembamba wa mpira kati yao. Sahani na mkono vilining'inizwa pamoja juu ya springi, ili mtikiso wa mota na hata wa nyayo za wacheza dansi usiifikie sindano. Linn Sondek LP12 ya Scotland, iliyoanza mwanzoni mwa miaka ya 1970 na ikaendelea kutengenezwa baada ya nusu karne, ilifuata njia hiyo hiyo. Inanga hufurahia kinanda cha namna hii.

Njia ya tatu ilitoka Japani. Mhandisi Shuichi Obata wa Matsushita aliondoa gurudumu na mkanda, akaiweka mota chini ya sahani yenyewe, ikizunguka polepole pamoja nayo. Technics SP-10 ya mwaka wa 1970 ndiyo iliyoanza kuuzwa, ikafuatwa na SL-1200 mwaka wa 1972. Katika toleo la pili, la mwaka wa 1979, mwendo ulisimamiwa na kipande cha kwazi kama kile kilichomo katika saa za mkononi. Utengenezaji wake ulisimama mwaka wa 2010. Mwaka wa 2016 kinanda hicho kikarudi kwa sura mpya na mota mpya. Toleo lake la kwanza, lenye vinanda 1,200 tu, liliuzwa kwa dola 4,000 za Marekani kila kimoja.

Hapa pana jambo la kumfanya msomaji asite. Toleo la mwaka wa 1979 lilitangaza kwamba mwendo wake hauyumbi kupita asilimia 0.025. Toleo la fahari lililofuata kurudi kwa mwaka wa 2016, lenye uzito wa kilo 18 na sahani ya kilo 3.6, hutangaza tarakimu ile ile: asilimia 0.025. Ni kama askari anayekwenda kilomita moja akapishana na mwenzake kwa sentimita 25. Garrard 301, kwa upande wake, iliahidi kutoyumba polepole kwa zaidi ya asilimia 0.2, jambo ambalo sikio la mtu wa kawaida hulihisi kwa shida. Kazi ya kuzungusha sahani kwa mwendo sawa ilikuwa imekwisha kufanywa vizuri kabla vijana wengi wa leo hawajazaliwa. Kilichoongezwa na watengenezaji wa kisasa ni ukimya zaidi, mikono iliyo sahihi zaidi na vyuma vigumu zaidi. Hayo ni ya kweli na mwenye fedha nyingi hatalaumiwa kuyanunua. Lakini si tofauti ya usiku na mchana.

Tofauti ya usiku na mchana iko mahali pengine, nayo haitegemei umri wa kinanda. Iko katika kichwa na sindano.

KOSA LA BABA NA KOSA LA MWANA

Mkoba ule aliouleta kijana kutoka Muyinga ni mpya, lakini vyombo vingi vya namna hiyo hufungwa kichwa cha bei rahisi kinachoikandamiza santuri kwa gramu 5 au zaidi, na mkono wake hauna mahali pa kurekebishia uzito. Spika zake zimo katika sanduku moja na sindano, basi ngoma zikipigwa, sanduku hutikisika, sindano hutikisika nalo, na mara huruka nje ya mfuo. Mtu asiyejua hubandika sarafu juu ya mkono ili usiruke. Hapo ameongeza uzito juu ya uzito, na santuri inaendelea kuliwa huku yeye akishangilia.

Hata hivyo, mzee naye hana haki ya kucheka. Vinanda vingi vya nyumbani vya miaka ya 1950 na 1960 havikuwa Garrard 301. Vilikuwa vyombo vya kawaida, navyo pia vilikandamiza kwa gramu nyingi. Baadhi vilikuwa na sindano ya yakuti, ambayo huchakaa baada ya makumi ya saa tu za kucheza. Sindano ya almasi hudumu saa 500 hadi 1,000. Nyumba inayosikiliza santuri kwa saa 2 kila jioni hufikisha saa 730 kwa mwaka. Maana yake, hata almasi yataka kutazamwa kila mwaka. Mzee ambaye hajabadili sindano tangu alipostaafu hatunzi ya kale. Anayachimba.

Liko na kosa jingine ambalo limeharibu santuri nyingi bila ya mtu kujua. Vinanda kadhaa vya zamani vina sindano mbili zilizopeana mgongo, na kidude cha kuzigeuza chenye alama ya 78 upande mmoja na LP upande wa pili. Mfuo wa santuri za 78 ni mpana, na sindano yake ni nene karibu mara tatu. Sindano hiyo ikiteremshwa juu ya santuri ya plastiki, hukwaruza kingo za juu za mfuo badala ya kuingia ndani yake. Mtoto akikigeuza kidude hicho kwa mchezo, jioni moja yatosha kuleta hasara.

UMEME, VUMBI NA MVUA

Wapenzi wa santuri wa London au Tokyo hubishana katika vyumba vyenye umeme usiotetereka na madirisha yasiyopitisha vumbi. Bugendana si London. Chombo kinachoshinda huko si lazima kishinde hapa.

Umeme wa Burundi, kama ule wa Tanzania, Kenya na Kongo, huenda na kurudi mara 50 kwa sekunde. Wa Marekani huenda na kurudi mara 60. Mota za vinanda vingi vya kale hufuata hesabu hiyo kama kwata inavyofuata mpigo wa ngoma. Kinanda kilichotengenezwa kwa ajili ya Marekani pekee, kikitumwa na ndugu aliyeko ng'ambo na kupita bandari ya Dar es Salaam hadi mpaka wa Kobero, kitazunguka pungufu ya mara 28 kwa dakika badala ya mara 33 na theluthi. Mwimbaji wa kike atasikika kama mwanamume mwenye usingizi. Kibadili umeme cha volti 110 hakiponyi ugonjwa huo, maana hakigusi hesabu ya mizunguko; dawa yake ni kubadili puli ya mota, kama yapatikana. Jenereta na vyombo vya umeme wa jua visivyo imara huleta kasoro ya namna hiyo hiyo. Hapa kinanda kinachosimamiwa na kwazi, kiwe cha mwaka wa 1979 au cha leo, huwashinda wazee wote, kwa kuwa kina saa yake mwenyewe ndani.

Vumbi nalo lina sheria yake. Katika kiangazi, kuanzia Juni hadi Septemba, vumbi jekundu huingia kila pembe ya nyumba. Likitua ndani ya mfuo, sindano hulisukuma na kulisaga ukutani. Mvua zikirudi, ukungu huota katika majalada ya karatasi, na mikanda ya mpira hulegea. Yote mawili hayachagui kinanda cha kale wala cha kisasa.

SHAURI KWA MWENYE NYUMBA

Kabla ya kununua chochote, mwenye nyumba na atumie kwanza kidogo alicho nacho katika mambo haya:

Kwanza, sindano. Fundi aitazame kwa kioo cha kukuzia. Ikiwa umri wake haujulikani, ihesabiwe kuwa imekwisha. Kinanda cha wastani chenye sindano mpya ni salama kwa santuri kuliko kinanda cha fahari chenye sindano mbovu.

Pili, uzito. Kichwa kibanwe kwa uzito ulioandikwa na mtengenezaji wake, usipungue wala usizidi. Sindano nyepesi mno hurukaruka na kugonga kuta za mfuo, nayo pia huharibu. Kinanda ambacho uzito wake haurekebishiki kisipewe santuri ya thamani.

Tatu, mwendo. Kijikaratasi kibandikwe ukingoni mwa lebo ya santuri isiyo ya thamani, na mtu mwenye saa ahesabu. Santuri ya mara 33 na theluthi lazima ikamilishe mizunguko 100 kwa dakika 3 barabara. Ikikamilisha 83 tu, kinanda ni cha umeme wa Marekani. Ikikamilisha 97 au 98, mpira umelegea au mafuta yamekauka.

Nne, usafi. Santuri ya plastiki hupanguswa kwa kitambaa laini chenye unyevu wa maji yaliyokenekwa, kwa kufuata mzunguko wa mfuo. Zile za 78 zisiguswe kwa spiriti wala pombe yoyote, kwa kuwa huyeyuka. Zote zisimamishwe wima kama vitabu, mbali na jua na jiko. Zikilazwa moja juu ya nyingine, hupinda.

Tano, nakala. Santuri ambayo haipatikani tena na ichezwe mara moja kwa sindano mpya, na sauti yake iingizwe katika kompyuta au simu. Baada ya hapo watoto wasikilize nakala kila siku, na santuri yenyewe itolewe siku za heshima tu. Kwa njia hii vya kale na vya kisasa husaidiana badala ya kushindana.

Mtu aliyekwisha kuyatimiza hayo matano, na bado ana fedha, ndipo aulize kama anunue kinanda cha kale au kipya. Akipenda kishindo cha ngoma, ana umeme mzuri na ana fundi wa kumwamini, kinanda cha kale chenye sahani nzito kitampa furaha. Akipenda inanga, na umeme wake ni wa kubahatisha, atafute chenye mota ya kwazi. Wala mkoba mwepesi wenye spika ndani usichukuliwe kuwa ni kinanda cha kisasa cha hali ya juu kwa sababu tu umetoka dukani jana.

Na ile nyumba ya Bugendana? Mwafaka wake si mgumu kuuona. Kijana akirudi Muyinga atautoa ule mkoba kwa anayetaka spika ya simu, na kwa fedha zake ataagiza sindano ya almasi na mpira mpya kwa kinanda cha baba yake. Mzee naye atakubali, pengine kwa kununa kidogo, kwamba dhahabu pia hutaka kusuguliwa. Kisha jioni moja mzee atavua saa yake mkononi, kijana atabandika kijikaratasi juu ya santuri, na wote wawili watainama kuhesabu. Dakika 3 zikitimia, mama ataitoa santuri ya ngoma katika jalada lake, aipanguse, na kumkabidhi mumewe kwa mikono miwili.